Nani Aliwavisha Askari wa Lincoln?

Mwanzoni mwa mwaka 1861 jeshi la kudumu la Marekani lilikuwa na askari wapatao 16,000, wengi wao wakiwa wametawanyika katika ngome ndogo za magharibi ya nchi. Kuwavisha hao hakukumsumbua mtu. Nguo zao zilitoka karibu zote mahali pamoja, Schuylkill Arsenal ya mjini Philadelphia, bohari ya serikali iliyonunua vitambaa kwa majora, ikavikata, ikawagawia washonaji wa mjini, kisha ikapokea kutoka kwao makoti na suruali zilizo tayari. Tarehe 12 Aprili mizinga ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga iliishambulia ngome ya Fort Sumter, na siku tatu baadaye Rais Abraham Lincoln akaita askari wa kujitolea 75,000. Hao nao hawakutosha. Hadi vita vinakwisha, miaka minne baadaye, zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamepita katika jeshi la Muungano, yaani jeshi la majimbo ya Kaskazini. Serikali ya Marekani haikuwa imewahi kununua kitu chochote kwa wingi wa namna hiyo, na waliotakiwa kuusimamia ununuzi huo walikuwa maofisa wachache na makarani wao.

Askari mmoja tu wa miguu alikuwa na mahitaji mengi. Alipewa koti fupi la flaneli la buluu iliyokoza lenye vifungo vinne, suruali ya sufu ya samawati, kofia yenye ukingo wa ngozi, mashati ya flaneli, nguo za ndani, soksi za sufu, viatu vya kufunga kwa kamba, na koti zito la baridi lenye kipande cha kufunika mabega. Juu ya hayo alibeba blanketi la kijivu lenye herufi US katikati, shuka la mpira la kutandika penye unyevu au kujikinga na mvua, shanta la mgongoni, mfuko wa chakula, chupa ya bati ya maji iliyovikwa kitambaa, mkanda, kisanduku cha risasi, na bunduki yenye singe.

Mshahara wake ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na posho yake ya nguo dola 42 kwa mwaka. Posho hiyo hakuipokea mkononi. Kila alichochukua bohari kiliandikwa katika daftari la kombania kwa bei ya serikali, akatia saini au alama yake mbele ya shahidi, na hesabu zilipofungwa aliyezidisha alikatwa mshahara, aliyebakiza akalipwa tofauti. Ni utaratibu unaostahili kukumbukwa katika habari yote inayofuata, kwa sababu kiatu kilichoachia soli baada ya wiki mbili hakikuitia hasara serikali peke yake. Aliyekivaa ndiye aliyelipia kingine.

Katika miezi ya kwanza serikali kuu haikuwa na cha kugawa. Majimbo, miji na vikundi vya wanamgambo vikajivisha vyenyewe, kila kimoja kwa kadiri ya mfuko na ladha yake. Baadhi ya vikosi vya New York vilipenda mtindo wa Wazuavu, askari wa Ufaransa waliopigana Algeria: suruali pana nyekundu, kizibao kilichodariziwa, kofia ya tarbushi. Vingine vilivaa kijivu, rangi iliyokuwa ya kawaida kwa wanamgambo wa pande zote mbili kabla ya vita. Wapo pia askari wa Kusini waliokwenda vitani wamevaa buluu.

Matokeo yake yalionekana mapema. Alfajiri ya tarehe 10 Juni 1861, katika msafara wa kwenda kushambulia Big Bethel, Virginia, kikosi kimoja cha New York kiliona safu ya watu wenye nguo za kijivu ikija barabarani, kikaifyatulia risasi. Walikuwa New York wenzao. Wiki sita baadaye, tarehe 21 Julai, katika pambano la Bull Run, kapteni Charles Griffin alikuwa ameisogeza mizinga yake miwili pembeni mwa kilima alipoona kikosi chenye sare za buluu kikitokea upande wa kulia. Alikwisha kuigeuza mizinga ili akifyatulie kikosi hicho. Mkuu wake wa mizinga, meja William Barry, akamzuia kwa hakika kwamba hao walikuwa askari wa kuilinda mizinga hiyo. Walikuwa kikosi cha 33 cha Virginia. Walisogea hadi karibu kabisa, wakapiga risasi kwa pamoja, na wapigaji mizinga wa Griffin pamoja na farasi wao wakaanguka pale pale. Sababu za kushindwa kwa Kaskazini siku ile ni nyingi, lakini yeyote aliyedhani kwamba rangi ya koti ni urembo wa gwaride tu alipata jibu lake. Kabla mwaka haujaisha Wizara ya Vita ilikuwa imekwisha kuyataka majimbo yaache kijivu.

Aibu ya pili ya mwaka ule ilikuwa ya kitambaa chenyewe. Viwanda vya sufu vya Kaskazini havikuwa tayari kwa oda za ghafla kiasi kile, na jimbo la New York lilitaka sare 12,000 mara moja. Kampuni ya Brooks Brothers, fundi wa matajiri wa mjini, ilichukua kazi hiyo. Kitambaa cha kutosha hakikupatikana, hivyo sehemu ya sare ikashonwa kwa shodi. Shodi si kitu cha kubuniwa na matapeli. Ilikuwa biashara halali ya Yorkshire, Uingereza, tangu miaka ya 1810. Matambara ya sufu na mabaki ya meza ya fundi huchanwa kwa mashine yenye meno mpaka yarudi kuwa nyuzi, nyuzi hizo huchanganywa na sufu mpya kidogo, kisha hufumwa na kushindiliwa upya. Ikichanganywa kwa kiasi, shodi hutoa blanketi la bei nafuu lisilo na neno. Ikizidi, nyuzi huwa fupi mno kushikana, na kitambaa kinachopendeza juu ya kaunta huachana kikinyeshewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa askari wa New York. Baadhi ya makoti yalifika bila vifungo, mengine bila matundu ya vifungo. Kampuni ililazimika kutoa sare nyingine 2,350 kwa gharama yake, na neno shodi likaanza kutumiwa magazetini kwa kila mtu aliyetajirika ghafla kwa zabuni za vita.

Haki ya historia ni kusema kwamba si kila nguo mbaya ilikuwa ya wizi. Mzabuni aliyepewa siku chache, katika soko lisilo na kitambaa, alikuwa na hiari ya kukataa kazi au kushona kwa alichopata. Lakini wizi wa wazi nao ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa zaidi kwenye silaha. Idara ya Silaha iliuza bunduki fupi 5,000 aina ya Hall, zilizoonekana zimepitwa na wakati, kwa dola 3.50 kila moja. Mnunuzi akaziuza kwa mfanyabiashara mwingine, na huyo akampelekea telegramu Jenerali John Frémont huko St. Louis, aliyekuwa na shida kubwa ya silaha, kwamba anazo bunduki nzuri. Frémont alizikubali kwa dola 22 kila moja. Kazi pekee iliyofanyika katikati ilikuwa kuchonga mifuo ndani ya mitutu kwa gharama isiyofika dola moja. Serikali ilikuwa imenunua mali yake yenyewe kwa bei iliyozidi mara sita. Kijana wa benki aliyetoa mkopo wa kukamilisha biashara hiyo alikuwa J. Pierpont Morgan, ambaye dunia ingemsikia sana baadaye.

Bunge lilikwisha kuunda kamati ya kuchunguza mikataba mnamo Julai 1861, ikiongozwa na Charles Van Wyck wa New York. Ripoti zake zilijaa farasi wagonjwa, meli mbovu zilizokodishwa kwa bei ya kuruka, na madalali waliolipwa asilimia ya fedha za umma kwa kazi ya kujuana na wakubwa. Waziri wa Vita, Simon Cameron, mwanasiasa mzoefu wa Pennsylvania aliyependa kugawa kazi kwa marafiki, aliondolewa Januari 1862 na kupelekwa kuwa balozi Urusi. Nafasi yake ilichukuliwa na Edwin Stanton, mwanasheria mkali asiye na subira.

Mtu aliyeitengeneza kazi ya ununuzi, hata hivyo, hakuwa Stanton. Alikuwa Montgomery Meigs, mhandisi wa jeshi aliyeteuliwa kuongoza Idara ya Ugavi Mei 1861 baada ya mtangulizi wake, Joseph Johnston, kujiuzulu na kwenda kuwa jenerali wa Kusini. Meigs naye alizaliwa Georgia, katikati ya Kusini, lakini alibaki upande wa Muungano. Alikuwa amesimamia ujenzi wa mfumo wa maji safi wa jiji la Washington na upanuzi wa jengo la Bunge, kazi zilizomfundisha kusoma mikataba kwa jicho la fundi na kugombana na wanasiasa bila hofu. Idara yake ingetumia zaidi ya dola bilioni 1 kabla ya vita kwisha.

Njia aliyoifuata ilikuwa kushika kamba mbili kwa wakati mmoja. Serikali iliendelea kushona yenyewe, tena kwa wingi, huku ikinunua pia kwa wazabuni. Schuylkill Arsenal ilipanuka hadi kuwa na maelfu ya washonaji, na bohari nyingine kubwa zikafanya kazi New York, Cincinnati na St. Louis. Faida ya mpango huu inaonekana ndogo kwa haraka, na pengine ndiyo iliyookoa fedha nyingi kuliko sheria zote za Bunge: karani wa bohari alijua suruali moja inakula yadi ngapi za kitambaa, uzi kiasi gani, vifungo vingapi na ujira wa senti ngapi. Mfanyabiashara aliyekuja na bei yake hakuzungumza na mtu gizani.

Kazi ndani ya Schuylkill ilikuwa na hatua zake. Kitambaa cha sufu kilipofika kilikaguliwa, kisha kikaloweshwa maji na kukaushwa ili kiruke kabla hakijakatwa, maana koti linaloruka baada ya mvua ya kwanza humbana aliyelivaa makwapani. Wakataji, wote wanaume na wenye ujira mzuri, walifuata vielelezo vya saizi. Koti la kawaida lilikuwa na saizi nne tu. Askari aliyekuwa katikati ya saizi mbili alibadilishana na mwenziwe au alitafuta sindano. Vipande vya nguo moja vilifungwa pamoja na bitana, uzi na vifungo vyake, furushi likawa tayari kuondoka.

Walioyachukua mafurushi hayo walikuwa wanawake, wengi wao wake, wajane, mama na dada wa askari. Walikwenda nayo nyumbani, wakashona kwa mkono karibu na dirisha au taa, wakarudi nayo mgongoni. Mkaguzi alivuta mishono, akahesabu vifungo, akapima mikono na kola dhidi ya sampuli iliyotiwa lakiri. Nguo iliyokataliwa ilirudishwa kufumuliwa, na siku ile mshonaji hakulipwa kwa ajili yake.

Kwa wazabuni utaratibu ulikazwa mwaka hadi mwaka. Matangazo ya zabuni yalitoka magazetini, bei zikaletwa katika bahasha zilizofungwa, mshindi akaweka dhamana, na kila mzigo ukalinganishwa na sampuli ya bohari. Sheria ya tarehe 17 Julai 1862 ilimtaka mzabuni aandike jina lake juu ya bidhaa yake, na ikamhesabu kuwa sehemu ya jeshi, ili akidanganya ashtakiwe katika mahakama ya kijeshi kama askari yeyote. Mwezi Machi 1863 ikafuata sheria ya madai ya uongo: aliyeidanganya serikali alilipa mara mbili ya hasara aliyoisababisha na faini ya dola 2,000, na raia yeyote aliyefichua udanganyifu huo aliweza kufungua kesi kwa niaba ya serikali na kubaki na nusu ya kitakachopatikana. Sheria hiyo, ikiwa imerekebishwa mara kadhaa, inatumika Marekani mpaka leo.

Aliyebanwa zaidi na nidhamu hii ya bei, hata hivyo, hakuwa mzabuni. Mzabuni aliyeshusha bei ili ashinde alikuwa na mahali pa kufidia, nako ni kwa mshonaji. Mwaka 1861 bohari ya serikali Philadelphia ililipa senti 17 na nusu kwa kushona shati moja. Mwaka 1864, bei ya mkate, makaa na kodi ya nyumba ikiwa imepanda karibu maradufu, ujira huo ulishushwa hadi senti 15, na waliofanya kazi kwa wazabuni walipata senti 8 kwa shati lile lile. Wanawake hawakunyamaza. Kiangazi cha 1864 waliandika ombi kwa Waziri Stanton wakitaka ujira upandishwe na kazi igawiwe na serikali moja kwa moja, bila mtu wa katikati, na mwanzoni mwa 1865 ujumbe wa washonaji wa Philadelphia ulifika mbele ya Lincoln mwenyewe, aliyewataka maofisa wake waone namna ya kuwapa kazi na ujira bora. Walichokiomba kilikuwa na mantiki ya kihasibu: kama bohari inajua gharama halisi ya shati, inajua pia nani anakula zile senti 7 zinazopotea njiani.

Msomaji wa leo atauliza kuhusu cherehani. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846 na Isaac Singer yake mwaka 1851, kwa hiyo mashine zilikuwepo, na wazabuni wengi walizitumia, hasa kwa kofia na mashati. Wakaguzi wa Philadelphia hawakuziamini. Mshono wa mkono ukikatika mahali pamoja hubaki umeshika kwingine, ilhali mishono ya mashine za wakati ule iliweza kufumuka mstari mzima. Howe, aliyekuwa tajiri wa hataza zake, alijiandikisha jeshini kama askari wa kawaida katika kikosi cha 17 cha Connecticut.

Kwenye viatu mashine ilishinda bila ubishi. Kabla ya vita fundi wa Lynn, Massachusetts, mji ulioishi kwa viatu, aliunganisha soli kwa uzi wa nta au kwa vigingi vidogo vya mti. Lyman Blake alibuni mashine ya kushona soli kwenye ngozi ya juu mwaka 1858. Gordon McKay akainunua hataza hiyo, akaiboresha, na vita vilipofika akawa na kitu hasa kilichokosekana, kwa kuwa mafundi wengi walikuwa wamekwenda jeshini. McKay hakuziuza mashine zake. Alizikodisha kwa wenye viwanda na kudai malipo madogo kwa kila jozi iliyoshonwa, njia iliyomtajirisha kwa senti baada ya senti.

Mwaka wa kwanza Meigs alilazimika pia kununua ng'ambo. Wafanyabiashara wa Boston walilalamika kwamba fedha zinapelekwa kwa wageni ilhali viwanda vya nyumbani vipo. Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba askari walioko kambini wakati wa baridi hawawezi kuvaa kitambaa kitakachofumwa mwakani. Kutoka Paris, kwa mzabuni mkubwa wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alexis Godillot, aliagiza sare kamili 10,000 za askari wepesi wa Kifaransa, pamoja na mahema na vyombo vya kupikia. Vilikuwa vitu vya kupendeza, vilivyoshonwa vizuri, na vikatolewa kama tuzo kwa vikosi vilivyofanya mazoezi bora. Kasoro ilikuwa moja: vilikatwa kwa kipimo cha Wafaransa, na Wamarekani wengi hawakuingia ndani yake.

Sufu iliweza kupatikana kwa kulipa. Pamba ilikuwa habari nyingine, kwa sababu mashamba yake yalikuwa upande wa adui. Bei ya turubai la pamba ilipanda kiasi kwamba hema kubwa la mduara la watu zaidi ya kumi likaachwa, na kuanzia 1862 kila askari akapewa kipande cha turubai chenye vifungo pembeni. Wawili waliunganisha vipande vyao, wakatia vijiti au bunduki mbili zenye singe, wakalala. Uhaba huo huo ulifika hadi Unguja. Kwa miaka mingi kabla ya vita, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar majora ya merikani, nguo nzito ya pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya New England, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Bara, misafara iliibeba merikani kama fedha, ikalipia hongo, vyakula na wapagazi. Viwanda vya New England vilipokosa pamba, merikani ikaadimika sokoni, na vitambaa vya Uingereza na India vikaingia mahali pake. Baada ya 1865 Wamarekani walirudi, lakini enzi ya kulishika soko lile peke yao ilikuwa imekwisha.

Silaha zilikuwa chini ya idara nyingine, na kwa muda zilikuwa shida kubwa kuliko nguo. Karakana ya serikali ya Harpers Ferry ilichomwa moto Aprili 1861 isiangukie mikononi mwa Kusini, ikabaki moja tu, ya Springfield, Massachusetts. Mwaka ule ilitengeneza bunduki karibu 14,000. Mwaka 1864 ilitengeneza zaidi ya 276,000. Siri ya ongezeko hilo ilikuwa vipimo: kila sehemu ya bunduki ilikaguliwa kwa kielelezo cha chuma, ili kifyatulio cha bunduki moja kiingie kwenye nyingine bila kutiwa tupa, na fundi aliyeajiriwa jana aweze kufanya kazi ya sehemu moja bila kujua bunduki nzima inavyoundwa. Katika miaka ya kati mamia ya maelfu ya bunduki yalinunuliwa Uingereza, Austria na kwingineko Ulaya, nyingine nzuri, nyingine zilizokuwa zikipata kutu katika maghala. Mwaka 1862 Marcellus Hartley, mfanyabiashara wa New York, alitumwa huko kununua kwa niaba ya serikali, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuhakikisha mawakala wa Kusini hawazipati.

Risasi, yaani vifurushi vya karatasi vyenye baruti na kichwa cha risasi, vilifungwa kwa mikono, na mikono iliyopendelewa ilikuwa ya wasichana. Tarehe 17 Septemba 1862, siku ile ile ya pambano la Antietam, karakana ya Allegheny jijini Pittsburgh ililipuka na kuua watu 78, wengi wao wasichana hao. Mnamo Juni 1864 karakana ya Washington nayo ililipuka, wakafa wanawake 21. Lincoln alihudhuria mazishi yao.

Nguo iliyopita kwa mkaguzi ilikuwa bado haijamfikia askari. Ilisafiri kwa reli na meli hadi bohari ya mbele, kisha kwa magari ya kukokotwa na nyumbu sita kwenye barabara za matope. Askari wenyewe hawakuurahisisha mpango huo. Jua la majira ya machipuko likichomoza, makoti mazito, mablanketi na mashanta yalitupwa kando ya barabara kwa mamia, na majira ya baridi yaliporudi wenyewe walijipanga kuomba mengine, yakaandikwa katika daftari lile lile la kombania. Kufikia 1864, hata hivyo, Kaskazini ilikuwa na uwezo wa kufanya jambo ambalo majeshi machache ya karne ile yangeweza. Jenerali William Sherman alipoanza safari yake ya kupita katikati ya Georgia mwezi Novemba, akiwa amejitenga mwenyewe na reli zake, Idara ya Ugavi ilipakia nguo, viatu na chakula melini ikavipeleka kumngoja pwani. Askari wake walitokea karibu na Savannah mwezi Desemba wakiwa wamechakaa, wakakuta mzigo wao upo. Meigs mwenyewe alikwenda huko Januari 1865 kusimamia ugawaji.

Ukubwa wa jambo hilo unaonekana vizuri ukitazama upande wa pili. Serikali ya Kusini ilianza kwa kuwapa askari fedha wajivishe wenyewe, mpango uliofutwa Oktoba 1862 kwa kuwa madukani hapakuwa na cha kununua. Baadaye zikaanzishwa bohari za kushona Richmond, Atlanta, Columbus na kwingineko, zilizotoa makoti mafupi ya kitambaa cha sufu kilichofumwa juu ya nyuzi za pamba, mara nyingi ya rangi ya kahawia kwa sababu rangi ya kijivu ilipauka au haikupatikana. Nguo nyingine zilipenyezwa kwa meli za magendo kupitia Bermuda na Nassau. Kiwanda cha Peter Tait cha Limerick, Ireland, kilishona makoti kwa ajili yao. Lakini ugonjwa wa Kusini haukuwa uhaba peke yake. Kila jimbo lilijiona nchi. Gavana Zebulon Vance wa North Carolina alikuwa na viwanda vya nguo na meli, akavitumia kwanza kwa watoto wa jimbo lake, na vita vilipokwisha maghala yake yalikuwa na sare zaidi ya 90,000 ilhali askari wa Jenerali Lee wa Kusini walikuwa wametembea peku Virginia.

Kaskazini nayo ilikuwa na doa lake, na lilipitia kwenye nguo. Askari weusi, walioandikishwa kwa wingi kuanzia 1863, walilipwa dola 10 kwa mwezi, na kati yake dola 3 zilikatwa kwa ajili ya sare. Mzungu wa cheo kile kile alipata dola 13 na posho ya nguo juu yake. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kupokea mshahara huo kwa muda wa mwaka na nusu, kikapigana bila malipo kuliko kukubali. Bunge lilisawazisha mishahara mnamo Juni 1864.

Jeshi lilipovunjwa mwaka 1865 mashine ile kubwa haikuweza kusimama siku moja. Maghala yalikuwa yamefurika makoti, viatu na bunduki. Bunduki nyingi ziliuzwa, zikiwemo zilizokwenda Ufaransa wakati wa vita vyake na Prussia mwaka 1870. Wenye viwanda vya nguo walibaki na kitu chenye thamani zaidi ya mabaki hayo, yaani vipimo vya miili ya mamia ya maelfu ya wanaume, vilivyowasaidia kukata nguo za dukani kwa saizi zilizopangwa. Nguo nyingi za jeshi zilibaki kwa jeshi. Kikosi kidogo cha kudumu kilichorudi magharibi kilivishwa kutoka akiba hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, hata baada ya kanuni mpya za sare za mwaka 1872, na kilipokea mema na mabaya pamoja: makoti mazuri ya Schuylkill na viatu vya wazabuni waliokwisha kulipwa zamani. Saizi zilizobaki hazikuwa zile zilizohitajika. Fundi wa kombania alizipunguza au kuzitanua, na askari alimlipa kutoka mfukoni mwake.